Bahari Ikichafuka: Mwongozo wa Kimbunga kwa Vijiji vya Mafia

Kivuko cha MV Kilindoni kikisitisha safari zake kule Nyamisati, Mafia inabaki peke yake. Mipango yako yote ya maafa ianzie hapo. Kimbunga kinapokaribia, vyombo vya majini ndivyo vinavyozuiwa kwanza, ndege zinafuata, na msaada wowote wa kutoka Kibaha, Dar es Salaam au Dodoma utasubiri bahari itulie. Weka hesabu ya siku tatu. Katika siku hizo mwenyekiti wa kitongoji, mtendaji wa kijiji, imamu, mwalimu mkuu, kiongozi wa BMU (kikundi cha usimamizi wa uvuvi ufukweni), mama wa kikundi cha mwani na kijana wa bodaboda ndio serikali, ndio hospitali, ndio zimamoto. Mwongozo huu ni wako wewe uliye mmoja wao. Ni wako pia wewe mtoto wa Mafia unayeishi Temeke au Mbagala, na unataka kujua la kufanya kabla hujaanza kuchangisha magodoro kwenye kundi la WhatsApp.

Tusijidanganye kwamba vimbunga ni vya Msumbiji na Madagaska. Ni kweli kwamba kwetu ni vichache. Mafia iko karibu na ikweta, kwenye nyuzi kama 8 kusini, na huku nguvu ya mzunguko wa dunia inayokisokota kimbunga ni hafifu. Tena Madagaska imekaa njiani na kutukinga na vingi vinavyotoka mashariki. Lakini vichache si sifuri. Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja, kikang'oa mikarafuu na kuangamiza vyombo vya Sultani Sayyid Barghash. Aprili 1952 kingine kiliingia Lindi. Aprili 2019 Kenneth kiliwatia hofu watu wa Mtwara hadi baadhi yao wakahamishwa, kisha kikaenda kuiumiza Cabo Delgado. Aprili 2021 Jobo kilikuja moja kwa moja upande wetu, kikafifia kabla hakijafika. Halafu tarehe 4 Mei 2024 Hidaya kikaingia nchi kavu hapa hapa Mafia.

Tazama hiyo miezi. Aprili, Aprili, Aprili, Aprili, Mei. Msimu wa vimbunga wa kusini magharibi mwa Bahari ya Hindi huhesabiwa tangu Novemba hadi Aprili, lakini vile vinavyotufikia sisi hupenda kuja mwishoni kabisa, masika imeshika, kaskazi imekwisha na kusi haijatulia. Kwa hiyo usiniambie utaanza kukagua paa la shule Aprili. Kazi zote zinazohitaji mbao, misumari na fedha zimalizike Machi, mvua hazijafunga njia.

Hidaya kiliacha somo la pili ambalo halisemwi sana. Kilipoingia ilikuwa mwezi 25 Mfungo Mosi, na mwezi mpya uliandama siku nne baadaye. Kila mvuvi anajua maana yake: maji yalikuwa bado mafu. Bahari ilisukumwa na upepo, ila haikusaidiwa na bamvua. Kama kimbunga kile kile kingekuja wiki moja mbele, maji yaliyokuwa yakifika kwenye mizizi ya minazi yangeingia sebuleni. Basi mtu akikwambia, "Hidaya tulikiona, na hatukufa," mkumbushe siku ile maji yalikuwa maji gani. Na taarifa ya kimbunga ikitolewa, swali lako la kwanza baada ya kujua siku ya kufika liwe hili: ni mwezi ngapi? Ikiwa ni siku za bamvua, wahamishe watu wa pwani mapema zaidi na uwapeleke mbali zaidi.

Upepo unakogeukia

Wazee wa chombo wanasoma upepo kuliko mtu yeyote, lakini kimbunga kina tabia ambayo pepo za kawaida hazina. Huku kusini mwa ikweta, kimbunga huzunguka kama mishale ya saa. Ukichukulia kwamba kinatoka mashariki kuelekea bara, jicho lake likipita juu yako, upepo utaanza kuvuma kutoka kusini. Utazidi, utang'oa, kisha utakatika ghafla na mbingu inaweza hata kuonekana. Huo ndio wakati watu wanapotoka kutafuta mabati yao. Baada ya muda, pengine nusu saa, pengine zaidi, upepo unarudi kwa nguvu ile ile, safari hii kutoka kaskazini. Ukuta uliolegezwa na kusi unaangushwa na kaskazi. Ule utulivu wa katikati usimtoe mtu nje ila kwa jambo la kufa na kupona.

Jicho likipita kaskazini mwako, upepo utakuja zaidi kutoka mashariki na kuisukuma bahari kuu kwenye ufuko wa mashariki, ambako miamba ya nje itapunguza sehemu ya nguvu yake, si yote. Likipita kusini mwako, upepo utaelekea kutoka magharibi, na wa kuumia zaidi ni upande wa Kilindoni na fukwe zote zinazotazama bara. Kwa hiyo usikubali mtu akwambie kwamba kijiji chake kiko salama siku zote kwa sababu "upande wetu ni wa ndani." Upande wa ndani ni wa pepo tulizozizoea.

Chombo nacho ni vivyo hivyo. Bandari inayokikinga na kusi inakianika kwa kaskazi. Ngalawa na mitumbwi ipandishwe juu kabisa, kupita mstari wa takataka ulioachwa na bamvua kubwa, ifungwe pamoja, na ijazwe mchanga au maji ili upepo usiibebe. Usiiweke chini ya minazi yenye nazi. Vua tanga, teremsha foromali, ng'oa usukani, toa mashine ukaifungie ndani. Mashua ambayo haikokoteki ipelekwe kwenye hori la mikoko mapema, kukiwa bado shwari na maji ya kutosha, ifungwe kwa kamba nne au zaidi kwenye mashina tofauti, kila upande, na kila kamba iachiwe nafasi ya kupanda na maji. Chombo kilichokazwa kwa kamba fupi hakiinuki bahari inapopanda. Kinazama kikiwa kimefungwa. Na ukishafunga, shuka. Watu hufa wakilinda mashua. Uchungu wa kupoteza mashua naujua, lakini asiseme mtu kwamba kukaa ndani yake ni kuilinda.

Taarifa, na mdomo wa kuifikisha

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, TMA, inatoa maonyo kwa ngazi tatu: angalizo kwa rangi ya njano, tahadhari kwa rangi ya chungwa, na tahadhari kubwa kwa rangi nyekundu. Sikiliza jina la eneo. Karibu kila mara utasikia "Pwani (ikijumuisha visiwa vya Mafia)". Mtu asikiaye "Pwani" akadhani ni Bagamoyo na Kibaha, akaendelea kutengeneza wavu wake, amekosea kusikia. Zoea pia kutofautisha onyo la kawaida la upepo unaofikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi yanayozidi mita 2, ambalo msimu wa kusi hutoka mara nyingi, na onyo linalotaja kimbunga kwa jina lake. La kwanza linamzuia mvuvi. La pili linaamsha kijiji kizima.

Angalizo la kimbunga likitoka, waite walio baharini na chaji kila kitu. Ikiwa tahadhari, wahamishe walio dhaifu na upandishe vyombo. Ikifika tahadhari kubwa, mambo yote hayo yawe yamekwisha. Kilichobaki ni watu kuwa ndani. Anayesubiri nyekundu ndipo aanze kubeba wazee, atawabeba mvuani.

Simu si njia ya kutegemea peke yake. Umeme wa Mafia unatoka kwenye mitambo ya kisiwani, na nguzo za minazini hazihitaji kimbunga ili zianguke. Mnara ukizima, WhatsApp inabaki picha. Kila kitongoji kiwe na redio moja ya betri ambayo mwenye nayo anajulikana, na betri mpya zisizotumika kwa kazi nyingine. Kipaza sauti cha msikiti kiwekewe betri ya sola. Mahali ambapo baragumu au ngoma bado zinajulikana, kubalianeni tangu sasa mlio upi una maana gani. Ukipigwa usiku wa kiza bila makubaliano, nusu ya watu watakwenda pwani kutazama kuna nini.

Bangladesh walilipia somo hili kwa gharama kubwa. Novemba 1970 kimbunga kiliua huko watu wasiopungua 300,000. Baada ya hapo serikali na shirika la Msalaba Mwekundu, ambalo leo ni Hilali Nyekundu, waliunda mpango wa watu wa kujitolea wa vijijini, wenye bendera, vipaza sauti vya mkononi na baiskeli, kazi yao ni kwenda mlango kwa mlango. Vimbunga vikubwa viliendelea kuja, lakini idadi ya wanaokufa imeshuka mno. Hawakuwa matajiri walipoanza. Walikuwa na orodha ya milango na mtu wa kuigonga.

Hapo sasa utakutana na Jobo. Utasikia, "Mwaka 2021 walituhofisha, hakuna kilichokuja." Usibishane kwa ukali. Mwambie kimbunga kilichofifia baharini ni kama moto uliozimika kabla ya kufika jikoni. Hakuna aliyewahi kumlaumu aliyepiga kelele. Halafu mpe kazi. Mbishi akipewa jukumu la kuhesabu vyombo vilivyoko baharini, ubishi unampungua.

Daftari la kitongoji

Hiki ndicho chombo ninachokithamini kuliko vyote, na bei yake ni ya daftari la shule. Nunua moja la kurasa nyingi, lifungie kwenye mfuko wa nailoni, nakala ya pili ikae kwa mtu mwingine. Kila kaya ipewe nusu ukurasa. Usiandike mambo mengi. Andika nani hawezi kutembea mwenyewe, nani haoni au hasikii, nani anategemea dawa za kila siku, nani ni mjamzito na wa mwezi gani, ukuta na paa ni vya nini, chombo chao ni kipi na kinavua wapi. Kisha mstari wa mwisho, ambao wengi huusahau: nani atawachukua, na watalala wapi.

Maelezo ya kaya moja yanaweza kusomeka hivi: "Nyumba ya tatu baada ya kisima. Bibi, haoni, anaishi na mjukuu wa miaka tisa. Simu hana. Makuti, udongo. Dawa ya presha, asubuhi. Watachukuliwa na vijana wawili wa nyumba ya pili kwa kitanda cha kamba. Watalala kwa mpwa wake, nyumba ya mawe nyuma ya madrasa. Mpwa amekubali." Lile neno "amekubali" lisiandikwe mpaka mpwa aulizwe. Nimeona mipango mizuri ya maafa iliyojaa majina ya watu ambao hawajui kama wametajwa.

Wajawazito wa visiwa vya Chole, Juani, Jibondo na Bwejuu ni kundi la peke yake. Mwanamke anayekaribia kujifungua avuke mapema kwenda kwa ndugu Kilindoni, karibu na hospitali ya wilaya, angalizo linapotolewa, si uchungu unapoanza. Mkunga na mhudumu wa afya ya jamii wanawajua wote kwa majina. Kaa nao ukiandika. Vivyo hivyo mwenye kifua kikuu, kisukari au anayetumia dawa za kufubaza virusi awe na akiba ya wiki mbili, na dawa zake ziandikwe kwa siri inayostahili. Kuna mambo ambayo mhudumu wa afya atayabeba kichwani na hayana haja ya kuwa kwenye daftari la mwenyekiti.

Halafu kuna dago. Wavuvi wanaopiga kambi vijisiwani kwa wiki nzima au zaidi hawamo kwenye rejista ya kijiji chochote. Wengine ni wageni kabisa, wametoka Kojani, Kilwa au Rufiji, na hakuna shangazi wa kuwaulizia. BMU iwe na orodha yao: chombo gani, nahodha nani, wako wangapi, wanarudi lini. Nahodha asiondoke bila kuacha namba ya mtu wa nyumbani kwake. Angalizo likitoka, wapigiwe simu wao kwanza, maana wao ndio wenye safari ndefu kuliko wote. Asiyepatikana kwa simu afuatwe kukiwa bado kunapitika, na kwa ruhusa ya wanaoratibu usalama wa majini. Msitume watu sita wakaokoe watatu.

Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 inataka kuwe na kamati za maafa mpaka ngazi ya kijiji. Kama kwenu ipo kwenye karatasi tu, ifufueni kwa daftari hili. Ingizeni mwanamke anayesikilizwa na wanawake wenzake, kijana mmoja, na mtu mwenye ulemavu ambaye hakuwekwa kwa ajili ya picha. Yeye ndiye atakayewaambia kwamba choo cha shule mliyoichagua kuwa hifadhi kina ngazi.

Nyumba, paa na hifadhi

Nyumba ya udongo na makuti haitastahimili kimbunga kikali, na hakuna fundi wa kuibadilisha kwa wiki moja. Wenye nyumba hizo wahame. Ila unaweza kuipunguzia hasara: tandaza wavu mkuukuu juu ya makuti, ufunge pembe zake kwa kamba kwenye vigingi vilivyozama ardhini. Makuti yakiruka hayaui. Bati likiruka linakata.

Kwa hiyo nyumba ya bati ndiyo ya kukaguliwa kwa makini zaidi. Upepo hauangushi paa, unalinyanyua. Ukiingia chini ya ukingo au kupitia dirisha lililofunguka, unalisukuma kutoka ndani. Panda juu utazame kama misumari ya bati imelegea au ina kutu. Kisha tazama pale kenchi inapokutana na ukuta. Nyumba zetu nyingi zinashikwa hapo kwa msumari mmoja na Mungu. Zungushia waya wa kufungia nondo, mizunguko kadhaa, kutoka kwenye mbao hadi ndani ya ukuta au kwenye lenta, kila kenchi. Ukingo wa paa unaotokeza sana mbele kwa ajili ya kivuli cha baraza ndio unaoshikwa na upepo kwanza. Baraza na iwe na paa lake mbali, likienda liende peke yake.

Mwite mkwezi aangue nazi zote za minazi iliyo karibu na nyumba, madafu na koroma pia, na akate makuti makavu. Mpeni malipo yake. Nazi ya upepo wa kimbunga inavunja mlango.

Shule na misikiti ndiyo hifadhi ya kawaida, lakini si kila darasa linafaa kwa kuwa tu ni la serikali. Chagueni jengo lililo juu, mbali na ufuko, lenye paa lililokaguliwa, na muandike uwezo wake. Pangeni vyumba vya wanawake na watoto, taa usiku kucha njia ya chooni, na mtu mzima anayeaminika wa kulinda. Wasichana wanaumizwa katika kambi za maafa, na mara nyingi ni kwa sababu hakuna aliyepanga nani alale wapi. Kila familia ije na maji, chakula kisichohitaji moto, tochi, na mfuko wa nailoni wenye vitambulisho vya NIDA, vyeti, kadi za kliniki na fedha taslimu. Mtandao ukikatika wakala hana msaada.

Mbuzi na ng'ombe wahamishiwe juu na wasifungwe kamba. Kuku wabebwe.

Na kwa kuwa tumekaa pwani, neno moja la haraka kuhusu jambo jingine: tsunami ya Desemba 26, 2004 iliua watu Tanzania pia. Ukiona maji yanakupwa ghafla kinyume cha saa zake, usiende kuokota samaki. Kimbilia juu, na piga kelele ukikimbia.

Baada ya upepo

Asubuhi yake kila mtu atataka kwenda pwani. Kwanza daftari. Kila kiongozi wa nyumba kumi apite na kuhesabu watu wake. Asiyeonekana atafutwe sasa, si baada ya chai. Nyaya zilizoanguka zisiguswe hata kama umeme umekatika. Watoto wavae viatu, maana mabati na misumari yako kila mahali.

Kitakachoua watu baada ya hapo ni maji. Visima vyetu vingi ni vifupi, vyoo ni vya shimo, na mvua ya kimbunga huvichanganya. Chemsheni maji ya kunywa, au tumieni dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa. Mtu akianza kuharisha, apewe chumvichumvi ya pakiti. Ikikosekana, lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Kuharisha kama maji ya mchele kuripotiwe kituo cha afya siku hiyo hiyo, kwa hofu ya kipindupindu.

Kisima kilichoingiwa na maji ya bahari kina hadithi yake. Watu hukimbilia kukikausha kwa pampu kubwa, na hapo ndipo wanapokiharibu. Chini ya kisiwa kama chetu maji matamu yameelea juu ya maji ya chumvi kwa tabaka jembamba. Ukivuta kwa nguvu, chumvi inapanda kutoka chini na kisima hakitafaa tena kwa muda mrefu. Toa maji kidogo kidogo, acha kijae, toa tena, uondoe tope na mizoga, kisha weka klorini. Ladha ya chumvi itapungua kadiri mvua zinavyoendelea. Wakati huo chagueni kisima kimoja cha juu kiwe cha kunywa kwa wote, na mwenye kisima hicho aombwe kwa heshima kabla ya shida, si wakati wa shida. Jibondo, ambako kwa miaka mingi maji yaliletwa kwa mashua, wajaze kila pipa kabla ya kimbunga. Huko bahari kuchafuka na watu kukosa maji lilikuwa jambo moja.

Muhogo uliozama kwenye maji uvunwe ndani ya siku chache, utaoza. Uliovunwa ukatwe makopa jua likitoka. Minazi iliyolala itoe mbao.

Tathmini na misaada

Mkishapata usalama, pigeni picha kila nyumba iliyobomoka na kila chombo kilichovunjika kabla ya kusafisha, mwenye mali akiwa ndani ya picha. Timu ya wilaya ikifika itakuta mmeshaandika, na kijiji kilichoandika hupata kusikilizwa mapema. Lakini angalia wasioonekana kwenye tathmini. Nyumba inahesabiwa kwa urahisi kwa sababu inaonekana. Kamba na vigingi vya mwani vilivyokwenda na maji havionekani, na ni mtaji wote wa wanawake wa kikundi. Baharia wa mashua iliyozama hana mali aliyopoteza, amepoteza kazi. Mpangaji hana nyumba ya kuandikwa. Wekeni safu zao kwenye fomu hata kama fomu ya juu haina.

Orodha ya walengwa wa Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, TASAF, itatolewa kama njia ya mkato. Itumike kama mwanzo tu. Aliyekuwa maskini mwaka jana na aliyebomokewa jana usiku si lazima awe mtu mmoja, na anayekosa jina lake hapo hatasahau.

Wewe uliyeko Dar, tuma fedha, usitume nguo. Fedha zikienda kwa mwenye duka wa Kirongwe au Baleni anayeaminika, akatoa unga, mafuta na sabuni kwa orodha ya kamati, zimelisha watu na zimelifungua duka. Mzigo wa nguo utakaa Nyamisati ukigombea nafasi kwenye kivuko na mabati, mbao na dawa. Baada ya Hidaya barabara ya kusini ilikatika Somanga, na mizigo ya Lindi na Mtwara ikakaa barabarani. Mzigo wa kuja Mafia una barabara ya kupita, na bahari ya kuvuka juu ya hiyo. Kitu ambacho Mafia hakipatikani kwa haraka ni misumari ya bati, waya, mbao zilizopasuliwa, mashine za maboti na mafundi wa kuzitengeneza. Uliza kamati inataka nini katika hivyo kabla ya kununua.

Vikundi vya hisa vina mfuko wa jamii. Kubalianeni kwenye katiba ya kikundi, mkiwa na utulivu, kwamba kimbunga ni sababu ya kuufungua bila kikao kirefu, na kwamba marejesho ya mikopo yatasimama kwa kipindi mtakachotaja. Mwenye deni la mashine iliyozama asifuatwe nyumbani wiki ile ile. Sanduku likae mahali pa juu.

Kujenga upya kusianzie pale pale pa zamani bila kuuliza. Nyumba iliyobomolewa na bahari ikijengwa kwenye mchanga ule ule itabomolewa tena. Kijiji kitafute kiwanja nyuma, na hapo ndipo mwenyekiti atakapoonyesha kama ana ubavu, kwa kuwa ardhi ya nyuma ina wenyewe. Magofu ya Kisimani, upande wa magharibi wa kisiwa, yanaliwa na bahari mbele ya macho yetu. Huo ulikuwa mji, nao ulikuwa na watu waliodhani ufuko hausogei. Mikoko iliyobaki isikatwe kwa ajili ya nguzo za kujengea upya, hata kama ndiyo iliyo karibu, na mtakapopanda mingine msiipande pasipokuwa na mikoko tangu asili.

Mkigawa kilichopatikana, majina yote yasomwe hadharani, baada ya sala ya Ijumaa au kwenye mkutano wa kijiji, na kiasi cha kila mmoja. Atakayesema ameachwa asikilizwe pale pale, daftari lifunguliwe mbele ya watu, na jina lake liingizwe au aelezwe kwa nini halimo.